Kwa Nini Mizani Hukaguliwa Kila Mwaka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani ya wafanyabiashara walionunua mazao yao. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya waungane katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Mkulima aliyetoka jasho msimu mzima hana njia ya kuona kwa macho kama kilo anazosomewa ni kilo za kweli. Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba ukaguzi wa mizani huwalenga wadanganyifu peke yao. Mizani ya mtu mwaminifu nayo hupotoka, na mwenyewe asijue.

Chanzo cha upotofu huo ni matumizi ya kila siku. Mizani ya vitanga viwili ni nyenzo yenye egemeo katikati, na egemeo hilo ni kipande cha chuma chenye ukingo mkali kama makali ya kisu. Ukingo huo ukilika upande mmoja, mkono mmoja wa mizani huwa mrefu kuliko mwingine. Ichukuliwe kwamba mkono mmoja una sentimeta 20 na wa pili sentimeta 19.8. Vitanga vitupu vyaweza kurekebishwa vikalingana barabara, na mizani ikaonekana nzima. Lakini jiwe la kilo 1 likiwekwa kwenye mkono mfupi, litalingana na gramu 990 tu za sukari kwenye mkono mrefu. Mnunuzi amepunjwa gramu 10, na hakuna aliyekusudia.

Mizani ya springi ina maradhi yake. Springi hurefuka kwa kadiri ya mzigo uliotundikwa, lakini ikilemewa mara nyingi huchoka, ikarefuka kupita kiasi na kusoma zaidi. Vumbi na kutu vikizuia mshale usiende sawasawa, mizani husoma pungufu. Mawe ya mizani nayo hupungua kwa kusuguliwa na kugongwa. Hali kadhalika pampu ya mafuta: sehemu zake zinazopima zikilika, lita inayoonyeshwa si lita inayotoka.

Makosa madogo kama haya hujumlika. Ikiwa mizani ya kituo cha kununulia pamba inasoma pungufu kwa asilimia 2, mkulima aliyeleta kilo 500 hulipwa kilo 490. Wakulima 300 wa namna hiyo watakuwa wameacha kituoni kilo 3,000 bila malipo. Kosa la aina hii halijifuti kwa kurudia kupima, kwani kila mara huelekea upande ule ule.

Kwa sababu hiyo sheria haikuacha jambo hili katika hiari ya mwenye mizani. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 inataka vipimo vinavyotumika katika biashara vihakikiwe, na tangu mwaka 2002 kazi hiyo imekabidhiwa Wakala wa Vipimo. Uhakiki hufanywa kila mwaka, na kipimo kilichotengenezwa baada ya kuharibika hapana budi kihakikiwe upya kabla ya kurudi kazini. Mkaguzi hupakia mizani mawe ambayo uzito wake unajulikana, akilinganisha na kile kinachosomwa. Pampu ya mafuta huijaribu kwa chombo maalumu, aghalabu cha lita 20. Kwa kanuni za kimataifa, kosa la pampu lisizidi nusu ya asilimia 1, yaani mililita 100 katika lita 20. Kipimo kilichofaulu hupigwa mhuri. Kilichoshindwa hurekebishwa au huondolewa sokoni.

Mawe ya mkaguzi nayo hulinganishwa na mawe bora zaidi, na hayo na ya taifa, hadi kufikia kipimo cha dunia nzima. Tangu mwaka 1889 kipimo hicho kilikuwa jiwe la platini na iridi lililohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Ingawa lilitunzwa kwa uangalifu mkubwa, baada ya miaka mia hivi lilionekana kutofautiana na nakala zake kwa kadiri ya mikrogramu 50. Ndipo tarehe 20 Mei 2019 kilo ilipoanza kufasiliwa kwa namba isiyobadilika ya fizikia, iitwayo konstanti ya Planck. Ikiwa jiwe lililofungiwa chini ya vifuniko vya kioo halikusalimika, mizani ya gulioni itasalimikaje?

Mwanafunzi aweza kuijaribu mizani ya vitanga ya shuleni. Apime kitu kimoja katika kitanga cha kulia, kisha akihamishie cha kushoto. Majibu yakitofautiana, mikono ya mizani hailingani. Akipata gramu 1,010 na gramu 990, azizidishe, kisha atafute kipeuo cha pili cha jibu: atapata takriban gramu 1,000, ambao ndio uzito wa kweli. Mnunuzi sokoni hana nafasi ya kufanya hesabu hiyo. Yeye hutegemea mhuri, na mhuri huo una maana tu ukiwa wa mwaka huu.