Seli zisakwazo damuni na mama wa Garsen

Saratani ya matiti ni maradhi yanayosafiri. Seli hubanduka kutoka katika uvimbe, zikaelea katika damu, kisha zikafanya makao mapya mifupani, inini au mapafuni. Daktari Thomas Ashworth wa Australia alizieleza seli za namna hiyo mwaka 1869, baada ya kuchunguza damu ya mtu aliyekufa kwa saratani.

Kuzisaka ni kazi pevu. Mwalimu wa biolojia na awaambie wanafunzi wapige hesabu: mililita 1 ya damu ina seli nyekundu zipatazo bilioni 4 au 5. Katika mililita 7.5, miongoni mwa halaiki ya zaidi ya bilioni 30, mtaalamu hutafuta seli 5 tu! Kingamwili zilizonatishwa kwenye chembe ndogo mno za chuma huzishika, kisha sumaku ikazivuta kando. Kipimo hicho kiliidhinishwa Marekani mwaka 2004, baada ya utafiti wa wagonjwa 177 kuonyesha kwamba wenye seli 5 au zaidi hawakuishi muda mrefu kama wenzao.

Je, kina faida gani kwa mama wa Garsen, Ngao au Tarasaa? Wapo watakaosema kwamba damu husafiri kwa urahisi kuliko mgonjwa, maadam chupa maalumu huihifadhi saa 96 bila barafu. Hoja hiyo ina mvuto. Lakini chupa yenyewe hutaka joto lisilozidi nyuzi 30, na jua la Garsen halijui mpaka huo. Tena Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, barabara zilikatika.

Isitoshe, kipimo hiki humhesabia seli yule ambaye saratani yake imekwisha julikana na kuenea; hakimwambii mwanamke mzima kwamba ni mgonjwa. Na mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kubadilisha dawa mapema kwa sababu ya hesabu hiyo hakukurefusha maisha.

Kwa maoni yangu, Tana River inahitaji kwanza muuguzi aliyefunzwa kupapasa titi, sindano ya kuchukulia kinofu cha uvimbe, na majibu ya maabara yarudiyo kwa siku, si kwa miezi. Uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi. Mama huendelea na mpunga wake na migomba yake kando ya mto, akingoja maumivu ndipo apande matatu ya Malindi.