Polipu za Utumbo Mpana (2): Hatari Husomwa kwa Hadubini

Juma lililopita tulieleza jinsi polipu inavyoota kwenye utumbo mpana na jinsi daktari anavyoiona kwa kamera. Leo nina hoja moja: jicho huona ukubwa wa polipu, lakini hatari yake husomwa kwenye tishu, tena mpaka kwenye kitako chake. Utando wa utumbo ulio mzima una vijitezi vilivyonyooka sambamba. Seli zake zimejaa ute, na viini vyake vidogo vimetulia chini. Katika polipu ya aina ya adenoma viini hurefuka, hupandana na kukolea rangi ya maabara, na ute hupungua. Hiyo ni displasia, yaani mpotoko wa seli, ya daraja la chini. Viini vikivimba na kupanda hadi juu ya seli, na vijitezi vikaungana na kutoboka kama chekeche, ni daraja la juu. Hata hapo bado si saratani vamizi, mpaka seli zipenye safu nyembamba ya misuli na kuingia tabaka la chini yake.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye polipu za kingo za msumeno. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa hazina madhara. Mwaka 1996 Torlakovic na Snover walionyesha kwamba baadhi yake ni za namna nyingine. Hizi vijitezi vyake hutanuka chini kabisa na kukata kona mfano wa herufi L, au T iliyopinduliwa. Mara nyingi ni bapa, zimepauka, na viini vyake havina displasia. Hata hivyo baadhi huishia saratani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unatosheka na kijitezi kimoja kilichopotoka namna hiyo bila shaka ili kuitambua polipu ya aina hii.

Wapo watakaosema kwamba polipu nyingi hazigeuki saratani, na kwamba wataalamu wawili huweza kusoma kipande kimoja wakatofautiana. Yote mawili ni kweli. Lakini kwa kuwa nyingi hazigeuki, ndipo inapobidi chache za hatari zitambuliwe, ili mgonjwa huyu arudiwe kuchunguzwa mapema na yule asisumbuliwe bure. Na kutofautiana huzidi pale kipande kinapofika kimevunjika au kimekatwa mshazari, msingi wa vijitezi usionekane. Uchache wa wataalamu wa patholojia katika nchi zetu unadai kipande kiandaliwe vizuri zaidi. Basi polipu ikatwe nzima pamoja na kitako chake, iwekwe kwenye fomalini na kupelekwa maabara. Na mgonjwa aulize mambo matatu: aina yake, daraja la displasia, na kama kingo za mkato ni safi.

(Itaendelea)