Haya Isikunyime Ulimi Mbele ya Wasaili



Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika jopo la watu watatu tukitafuta mwalimu wa watoto wadogo kwa madrasa moja hapa Mombasa. Akaingia binti mmoja, buibui lake safi, vyeti vyake vimepangwa vyema ndani ya bahasha. Alikuwa amewasomesha watoto wa mtaa wao barazani kwa miaka minne, tena bila ya malipo, lakini habari hiyo haikutoka kinywani mwake. Tulipomuuliza iwapo amewahi kufundisha, aliinamisha macho akajibu, "Kidogo tu." Tulipomuuliza kwa nini tumchague yeye, alisema, "Nyinyi ndio mnaojua." Kazi tukampa mwengine mwenye maneno mengi, naye hakumaliza muhula. Habari za ile baraza nilikuja kuzipata baadaye kwa mama mmoja jirani yao, nikaingiwa na majuto. Kosa lilikuwa letu kwa kutouliza zaidi. Lakini kosa jengine ni la sisi wazazi.

Tumewafunza binti zetu kwamba kujisifu ni aibu. Mafunzo hayo ni mema wala sitayatengua. Ila hatukuwaonyesha mpaka uliopo baina ya kujisifu na kutoa habari ya kweli. Nabii Yusuf (a.s.), alipotakiwa na mfalme wa Misri, aliomba asimamie hazina za nchi akataja sifa zake mbili: kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi. Hakuzidisha wala hakupunguza. Wanavyuoni wakachukua humo ruhusa ya mtu kutaja uwezo wake panapokuwa na haja. Naye yule binti wa Madyan, alipompendekeza Musa (a.s.) kwa babake ili amuajiri, alitaja nguvu na uaminifu. Msaili wa leo, hata akiwa nyuma ya kompyuta, hatafuti zaidi ya hayo: je, ataiweza kazi, na je, tutamuamini?

Basi mwenye kwenda kuhojiwa ayajibu maswali hayo mawili kwa mambo aliyoyatenda. Kusema "nina bidii" hakumfai msaili, kwani kila aliyeingia amekwisha kusema hivyo. Aseme amesomesha watoto wangapi, kwa muda gani, na walipotoka kwake walikuwa wanajua nini. Aliyeweka hesabu za duka la mamake aeleze alivyoziandika. Mambo haya yafanyiwe mazoezi nyumbani: baba akae kitini kama msaili, binti asimulie. Mara ya kwanza atacheka, mara ya tatu atasema. Na baba asikilize bila ya kumkatiza, jambo ambalo kwa baadhi yetu ni gumu kuliko usaili wenyewe.

Huulizwa sana juu ya mkono. Ukinyooshewa mkono na mwanamume, weka wako kifuani, tabasamu, na umsalimie papo hapo kwa sauti ya kusikika. Kinachoudhi watu ni ukimya na kurudi nyuma kwa ghafla, kwani huonekana kama dharau. Anayevaa nikabu aombe mapema kwamba atambuliwe na mwanamke kwa kitambulisho chake. Ama hijabu, usiivue kwa hofu: Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na mavazi yametajwa humo kwa jina. Saa za swala ziulize mwishoni, kwa utulivu, unapopewa nafasi ya kuuliza lako. Usianze nazo.

Udi ujifukize usiku uliotangulia, wala si asubuhi ile, kwani chumba cha usaili huwa kidogo na si kila kifua hustahimili. Simu izimwe. Anayetoka Likoni asiifanye feri kuwa udhuru. Avuke mapema akasubiri ng'ambo.

Baada ya usaili ndipo wengi huharibu. Siku hiyo hiyo au ya pili yake, andika ujumbe mfupi wa shukrani, utaje jambo moja mlilozungumza, kisha unyamaze. Ukiambiwa jibu litatoka baada ya wiki mbili, usiulize kabla yake. Zikipita, uliza mara moja kwa upole. Usiweke malalamiko juu ya wasaili kwenye WhatsApp, maana mji wetu ni mdogo na hapakosi binamu. Nanyi wazazi, tafadhali, msimpigie simu mkubwa wa ofisi mnayemjua. Nimeketi mezani simu kama hiyo ikaingia, na msichana aliyekuwa amejibu vizuri akaanza kutiliwa shaka.

Ukikataliwa, shukuru vile vile. Bibi mmoja tuliyemkosesha nafasi alituandikia mistari mitatu ya shukrani, akaomba akumbukwe ikitokea nyengine. Haikupita miezi minne mwalimu wetu mmoja akahama, na jina la kwanza kutajwa mezani likawa lake.

Ama yule binti wa barazani, mwaka uliofuata nilimtafuta nikamuuliza kama bado anataka kazi. Alinijibu kwa adabu, akanishukuru kwa kumkumbuka, akasema amekwisha kuajiriwa kwengine.