Vitabu Nilivyosoma Mwaka Uliopita

Kila ufikapo mwezi wa Januari wasikilizaji wa kipindi chetu huniuliza swali lile lile: mwaka uliokwisha umesoma nini, na katika hivyo ni kipi ungetushauri tukitafute? Mwaka juzi nililikwepa swali hilo kwa kisingizio cha kazi nyingi. Safari hii nimebanwa, hivyo wiki iliyopita nilijibu hewani, na leo najibu kwa maandishi kwa faida ya wale ambao umeme ulikatika kipindi kikiwa katikati.

Niseme tangu mwanzo kwamba mimi si mhakiki. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na vitabu navisoma kama watu wengi wa mjini wanavyosoma, yaani ndani ya daladala ya Usa River, au usiku watoto wakishalala. Kwa mwaka mzima nilimaliza vitabu kumi na vinne. Vitatu kati ya hivyo ni vile vya kufundisha namna ya kutajirika ambavyo hutandazwa chini karibu na Soko Kuu. Nilivinunua kwa bei ya sahani ya chipsi, na hadi leo sijaona aliyetajirika isipokuwa aliyeniuzia. Tuviache.

Cha kwanza ninachokitaja ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na riwaya hii aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Wengi wetu huku tulimsikia kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ni habari za kijana Yusuf, anayechukuliwa na tajiri mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake, wakati Wajerumani ndio wanaanza kuishika nchi. Watu wa kaskazini watafurahi kukuta kwamba sehemu ya mambo hayo yanatokea katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Yumo na Singasinga mmoja, fundi wa magari, anayetamani kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na wenzake wanambishia mpaka usiku.

Kwa Kiingereza kitabu hiki nilikianza mara mbili nikakiacha. Kwa Kiswahili nilikimaliza kwa siku nne. Si kwamba Kiingereza kinanishinda. Ni kwamba watu wale wanapotaniana barazani walikuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo, na masikio yangu yalilijua hilo.

Cha pili ni cha zamani, Dunia Uwanja wa Fujo cha marehemu Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1975. Nilikisoma tena baada ya miaka zaidi ya ishirini. Shuleni tulikisoma kwa ajili ya mtihani, na wengine hata hicho hatukukisoma bali tulinunua kijitabu cha maswali na majibu. Sasa nimekisoma kama mtu mwenye shamba dogo na hati isiyokwisha kushughulikiwa, na habari ya Tumaini anayeona mali yake inachukuliwa baada ya Azimio la Arusha ikanishika pengine tofauti kabisa.

Lakini kitabu kilichoninyima usingizi kuliko vyote hakimo madukani. Kinaitwa Blood on Our Land, kimeandikwa na Ismael Mbise, na kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1974. Nilizunguka maduka ya vitabu ya hapa Arusha nisikipate. Nakala niliyosoma niliazimwa na mwalimu mstaafu wa Tengeru, nayo jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi na kurasa zimekuwa rangi ya chai.

Kwa wageni wa mji huu, na siku hizi ni wengi, yafaa nieleze kisa chenyewe. Tume ya serikali ya kikoloni, katika ripoti ya mwaka 1947, ilipendekeza kwamba ardhi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili mashamba ya walowezi yakae pamoja bila kuingiliwa. Wameru waliokuwa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, wakaonekana wako njiani. Novemba 1951 wakahamishwa kwa nguvu, watu wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa moto, na mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori.

Wakoloni hawakutazamia lililofuata. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, Waingereza wameshikishwa tu na Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko moja kwa moja. Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mtoto wa Meru, pamoja na wakili wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakafika New York. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda kuzungumza huko mwaka 1955. Azimio la kutaka warudishiwe ardhi halikufikisha theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, lakini Kirilo aliporudi alikuwa na jambo la kuwaeleza watu wa nchi nzima.

Yeye na Seaton waliandika kitabu chao, The Meru Land Case, kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Mle utakuta hoja na nyaraka. Mbise alichukua mambo yale yale akayafanya riwaya, akaingia ndani ya nyumba, kwa watu waliosikia amri ya kuondoka jiko likiwa linawaka. Ukitaka kujua sheria, soma cha Kirilo. Ukitaka kujua kwa nini wazee wa huko hawasahau, soma cha Mbise.

Vyote viwili ni vya Kiingereza. Hilo lilinigusa nilipokwenda kumsalimia mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka ule. Kitabu kilikuwa mkobani. Akauliza ni cha nini, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nisomee, mwanangu. Maana sisi tuko humo na hatujawahi kuambiwa tunasema nini."

Nikamsomea, nikitafsiri sentensi moja moja, mara nyingine nikikwama. Penye watu kubeba vyombo akanikatiza: mama yake hakubeba vyombo, alibeba jiwe la kusagia, na baba yake akamgombeza njia nzima kwa sababu mawe yako kila mahali. Mama hakulitupa. Mzee akanionyesha kwa kidole. Liko nyuma ya jiko, kuku wanalinywea maji.

Kwa nini kitabu kama hicho kinapotea? Katika nchi yetu mchapishaji huchapa upya kile ambacho shule zitanunua. Kitabu kisipokuwa kwenye orodha ya mitaala, hakuna wa kubeba gharama, hata kiwe kizuri namna gani. Ajabu ni kwamba Walter Bgoya, aliyekuwa mkuu wa Tanzania Publishing House kitabu cha Mbise kilipotoka, ndiye aliyeanzisha Mkuki na Nyota, waliotuletea Peponi kwa Kiswahili. Kwa hiyo njia ipo, na imekwisha kupitwa na kitabu kilichotoka mbali zaidi, kutoka Uingereza. Hiki cha kwetu kimetoka nyuma ya mlima tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha.

Mwalimu wa Tengeru anataka kitabu chake mwisho wa mwezi huu. Mimi na mzee tumebakiza kurasa kama arobaini, na Jumamosi hii ameniambia nifike mapema, kwa kuwa amewaita na ndugu zake wawili kutoka Ngarenanyuki.