Arabuko-Sokoke na Gede: Faida ya Msitu Uliosimama

Anayesafiri kutoka Kilifi kwenda Malindi huuona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto wa barabara. Ukiwa na zaidi ya hekta 41,000, ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliosalia Afrika Mashariki. Sehemu yake ndogo ya kaskazini-magharibi ni mbuga ya taifa. Ndani ya msitu kuna mbambakofi, mirihi, ndovu, bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu.

Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi waliuona msitu huo kama hasara. Ndovu na nyani waliharibu mazao, ardhi ya kulima ilikuwa haba, na wapo waliotaka ufyekwe.

Vipepeo vyaleta kipato

Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao yake katika magofu ya Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mkulima hunasa vipepeo wachache msituni na kuwaweka katika kizimba cha wavu ili watage. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani ya mimea iliyopandwa nyumbani. Kiwavi akishajifunga na kuwa pupa, mradi humnunua na kumuuza kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Msitu ukifyekwa, mbegu ya vipepeo hao hupotea, na kipato hicho nacho hukatika.

Mji ndani ya miti

Gede yenyewe ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala na visima vya mawe. Vyombo vya kauri kutoka China vilivyofukuliwa hapo vinaonyesha upana wa biashara yake. Mji ulihamwa karne ya 17, miti ikaufunika. Mwaka 2024, UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Wajibu wa mkazi

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, kukata miti au kuchoma makaa katika msitu wa umma bila kibali ni kosa. Sheria hiyo hiyo inawaruhusu wakazi kushiriki katika usimamizi wa msitu kupitia vyama vya misitu vya jamii. Wanaoishi kandokando ya msitu wanahimizwa kujiunga na chama cha eneo lao, na kutoa taarifa kwa afisa wa misitu au chifu wanapoona miti ikikatwa kiholela.