Kidole Gumba cha Mguu: Jongo au Kinundu?

Mwezi huu twapenda kunena habari za kidole gumba cha mguu, kiungo ambacho mtu hakikumbuki mpaka siku kimwumapo.

Iko nyumba moja tuijuayo hapa Karatu. Baba wa nyumba ile ni mwalimu, na mama ni mkulima. Wote wawili waliumwa kidole kile kile. Baba akaenda hospitali, akapewa vidonge vya alopurinoli. Mama akawaza moyoni kwamba kidole ni kidole na dawa ni dawa, akawa akimeza vidonge vya mumewe kwa siri. Juma la tatu vipele vikamtoka mwili mzima, homa ikapanda, midomo ikaanza kuchubuka. Daktari alipomwuliza amemeza dawa gani, alinyamaza. Binti yake ndiye aliyesema. Dawa ikakatazwa saa ile ile, mama akalazwa, akapona kwa taabu. Naye jongo hakuwa nalo hata kidogo. Alikuwa na kinundu tu.

Basi, tuyatenge maradhi haya mawili.

Jongo huja usiku kama mwizi. Mtu hulala mzima, na kabla jogoo hajawika huamka kidole kikimwaka moto, hata shuka ikikigusa hupiga kelele. Vitabu husema kidole huwa chekundu. Lakini kwetu sisi weusi wekundu huo huenda usionekane. Tazama kama ngozi imevimba na kung'aa, kisha weka kiganja chako juu yake uone joto. Maumivu hufika kilele kwa siku moja, na baada ya juma moja au mawili huondoka yenyewe. Hapo ndipo mwenye mizizi hupokea mbuzi wake, akisifiwa kwamba ameponya! Baada ya miezi, au mwaka, jongo hurudi.

Asili yake ni asidi ya yuriki, taka ya mwili ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi katika damu, huganda katika kiungo kuwa chembe zenye ncha kama sindano. Maini, figo za mnyama, nyama nyingi na pombe huiongeza. Kadhalika ugonjwa wa figo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu ziongezazo mkojo. Wanaume hupatwa zaidi. Wanawake wengi hupatwa baada ya kukoma hedhi. Wazee wetu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio juu yapata mita 2,300, hulaumu baridi. Hawakukosea kabisa, kwa maana asidi hiyo huganda upesi penye ubaridi, na kidole cha mguu ki mbali na moto wa mwili. Walakini baridi peke yake haizai jongo.

Kinundu hakina haraka. Huchukua miaka. Kidole gumba huinama kidogo kidogo kuwaelekea wenzake, na mfupa wa shina lake hutokeza upande wa ndani wa mguu. Huuma mtu avaapo viatu, hupoa avivuapo. Huko Laetoli, upande wa Endulen, mwaka 1978 watu wa Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, na kidole gumba chao kimeelekea mbele pamoja na vingine. Kiatu chembamba hukisukuma kidole kisikae hivyo. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong walieleza kwamba miongoni mwa wavaao viatu walikuta vidole vilivyoinama kwa watu 33 katika 100, na kwa wasiovaa hawakufika 2 katika 100. Umbo la mguu alilorithi mtu nalo lina sehemu yake, wala si viatu tu.

Kwa hiyo mgonjwa aulizwe kwanza, "Limeanza lini?" Akijibu "Usiku wa juzi," fikiri jongo. Akijibu "Tangu mtoto wa kwanza," mwambie asimame pekupeku, utazame kidole kimeelekea wapi. Lakini msijivune kwa kipimo hiki. Kinundu kikisuguliwa na kiatu huweza kuvimba na kupata joto, na mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili. Tena kidole chenye joto pamoja na homa au kidonda huenda kimeingia usaha: huyo apelekwe hospitali siku ile ile, Karatu au Endulen, palipo karibu. Hata kipimo cha damu huweza kudanganya wakati wa maumivu. Ushahidi wa hakika ni maji ya kiungo yakitazamwa kwa darubini.

Hakuna kidonge kinyoshacho kinundu. Dawa yake ni kiatu kipana, na maumivu yakizuia kutembea, kupasuliwa. Jongo lina dawa za kutuliza, lakini zatolewa na daktari, maana nyingine huumiza figo na tumbo. Alopurinoli ni ya kila siku hata maumivu yakiisha, nayo ni ya yule aliyeandikiwa.

Mama yule sasa huenda shambani na makatambuga. Viatu vyake vya ibada fundi amevipanua mbele. Na vidonge vya mumewe vimo sandukuni, ufunguo anao binti.