Kioo Juani: Juu ya Kusomeka kwa Vipokezi vya GPS katika Handeni na Korogwe

Neno "kioo" lina maana tatu katika Kiswahili cha leo. Kwanza, ni kitu kigumu kipenyezacho mwanga, kama cha dirishani. Pili, ni kile ambacho mtu hujitazamia uso. Tatu, ni uso wa simu au wa chombo kingine kionyeshacho maandishi kwa umeme. Wako wapendao kusema "skrini" kwa maana hii ya tatu, ili kuepuka utata. Hata hivyo, utata huo una ukweli ndani yake. Chombo kikitolewa juani, maana zote tatu hukutana mahali pamoja, na asiyezitenganisha aweza kusoma namba isiyokuwapo.

Jambo hili si dogo katika Handeni na Korogwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliweka njia ya mwanakijiji kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa majaribio ya urasimishaji chini ya MKURABITA. Mipaka ya shamba yaweza kuchukuliwa kwa kipokezi cha GPS cha mkononi, yaani chombo kipokeacho ishara za setilaiti na kutaja kwa namba mahali kilipo. Wilaya hizi zimo katika ukanda wa 37 wa gridi ya UTM, ambamo kila nukta hutajwa kwa mita. Pale namba zinaponakiliwa kwa mkono, tarakimu ya 3 ikisomwa 8 mahali pa makumi, mpaka husogea mita 50. Mahali pa mamia, mita 500. Kosa la mita 500 huonekana upesi katika ramani. Lile la mita 50 laweza kupita bila kutambuliwa, likaja kuzuka baada ya miaka kama ugomvi wa majirani.

Handeni iko karibu nyuzi 5 na nusu kusini ya Ikweta. Kwa sababu hiyo, mapema Machi na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na kivuli cha mtu humalizikia miguuni pake. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe nako mmea wenyewe haumfuniki mtu asimamaye. Mpimaji asiyeona namba huongeza mwanga wa chombo hadi mwisho, na bado haoni vema. Sababu yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi.

Tuseme kipande cheupe cha skrini hutoa mng'aro wa kandela 500 kwa kila mita ya mraba. Uso wa kioo cha kawaida, ukitazamwa karibu na wima, hurudisha sehemu 4 hivi katika 100 za mwanga uuangukiao. Shati jeupe lililopigwa na jua laweza kung'aa kwa kandela 20,000. Kioo hurudisha 800 kati ya hizo. Basi palipo peupe huwa 1,300, na palipo peusi huwa 800, yaani weupe hauufikii weusi hata mara mbili. Mtu yule yule akivaa nguo nyeusi ing'aayo kwa kandela 1,500, kioo hurudisha 60 tu: weupe huwa 560, na weusi 60. Sasa tofauti imezidi mara tisa, ingawa mwanga wa chombo haukuongezwa hata kidogo.

Hapa ndipo ufafanuzi wa maneno unapohitajika. Malalamiko ya kwamba "kioo hakionekani" huficha kasoro tatu. Ya kwanza ni ufifi, yaani mwanga wa chombo kuwa haba. Dawa yake ni kuuongeza. Ya pili ni mwakiso, yaani kioo kufanya kazi ya kujitazamia. Dawa yake ni kukiinamisha mpaka kitazamane na kitu cheusi. Ya tatu ni kiwi, ambacho si cha chombo bali ni cha macho yaliyozoea ardhi ing'aayo. Dawa yake ni kofia pana na subira kidogo. Miwani ya jua ichujayo mwakiso huleta tatizo jingine: yaweza kuzima kabisa skrini za aina fulani, mpaka chombo kizungushwe.

Marubani wa ndege zisizo na injini, waketio chini ya kifuniko kiangavu kipitishacho jua pande zote, wameyajua haya. Baadhi yao huendesha programu ya XCSoar katika visomea-vitabu vya Kobo, ambavyo maandishi yake, kama ya karatasi, husomwa kwa mwanga wa jua lenyewe. Vipokezi vingi vya mkononi navyo vina utando nyuma ya herufi urudishao mwanga wa jua kwa msomaji. Kwa hivyo kuviweka kivulini si msaada sikuzote.

Yafaa basi miongozo ya upimaji iandikwayo kwa Kiswahili iyatenge maneno haya matatu: ufifi, mwakiso na kiwi. Agizo la "ongeza mwanga" hutibu la kwanza peke yake. Mwenye shamba hana njia ya kujua ni lipi lililomponza mpimaji. Yeye hukabidhiwa namba zilizokwisha kuandikwa.